Jipu Kwenye Televisheni ya Mama Mkwe

Nimepasua samaki waliooza kwenye boti za Kilwa, na nimezibua choo cha hoteli kwa mkono wangu mwenyewe. Lakini kitu kilichonitia kichefuchefu kuliko vyote nilikiona mtaa wa Hewa Bora, mchana kweupe, sebuleni mwa mama mmoja msafi sana.

Mimi sikusoma. Nilitoka shule ya msingi kabla ya cheti, nikaanza kuzunguka: boti, machimbo, gereji, nikichoka hapa nahamia pale. Ila kila kitu chenye taa ndogo inayowaka na kuzima lazima nikifungue nione ndani kuna nini. Nilifungua ruta iliyotupwa jalalani, nikaifunga, ikawaka. Tangu siku hiyo mtaani nikawa fundi wa wifi.

Mwanaume mmoja alikuwa ameweka sahani ya intaneti juu ya bati lake. Ng'ambo ya ukuta wake aliishi mama mkwe wake, mjane. Watu walishangaa mtu kukubali kuishi ukuta kwa ukuta na mama mkwe, lakini mkewe ndiye aliyetaka. Alikuwa na mimba ya kwanza, ya miezi minane, na kwao mtoto wa kwanza huzaliwa kwa bibi yake: binti hurudi kwa mama, hukandwa, hufundishwa, hulishwa, mpaka apate nguvu. Alitaka pia mama yake apate intaneti ya kuongea na watoto walio mbali. Basi nikaitwa nipitishe kebo juu ya ukuta, ruta ya huku ishikane na ruta ya kule.

Kazi hiyo ina njia mbili. Ya kwanza unaifanya nyumba ya pili mtandao wake peke yake. Intaneti inapita, lakini simu za huku hazioni televisheni za kule. Ya pili unachanganya tu, nyumba mbili zinakuwa kama nyumba moja. Ya kwanza inakula nusu siku. Ya pili ni dakika kumi.

Yule mke alitoka nje, mkono kiunoni, akanikuta juu ya ngazi.

"Fundi, kule ng'ambo ni bukwe. Mama na bwana yangu habakulake pamoja, habapeanake mukono. Kama bwana iko napita, mama anageuka. Na mu wifi pia utuwekee mupaka."

Mume alicheka kutoka kibarazani. "Bukwe mu wifi? Fundi, changanya byote! Ruta haijue mukwe."

Nikacheka na mimi. Nilijiona mjanja, mtu wa mambo ya kisasa. Nikachanganya.

Siku chache baadaye mama aliniita, picha ilikuwa inakatika. Alikuwa na wageni, wanawake watano wa kanisa lake waliovaa vitenge vya sare, wakitazama ubatizo wa mjukuu kutoka mbali. Mimi nilipiga magoti nyuma ya televisheni nikikaza waya. Mara nyimbo zikakatika. Nikainua kichwa nitazame kioo.

Kwanza nilidhani ni mgodi uliopigwa picha kutoka juu: udongo mwekundu, ukingo uliovimba, katikati kidimbwi cha njano. Halafu vidole viwili vikaingia, vikafinya. Kidimbwi kikapasuka na kutiririka. Lilikuwa tako, tako la mtu mzima lenye jipu, kwenye kioo kikubwa kuliko meza ya kulia.

Sauti ikasema, "Finya! Finya muzuri! Usaha iko natoka?"

Sauti ile ya mkwe mama aliisikia juu ya ukuta kila siku. Mama alivuta kitenge akafunika kichwa, akageukia ukutani. Mmoja wa wageni alitema mate kwenye leso. Mimi natafuta waya wa umeme, siupati, na video ikaisha ikaanza tena mwanzo. Ng'ambo tunamsikia mwenye tako analalamika: "Hii televizio iko na nini? Mbona haitokee?"

Alitaka kuliona jipu lake kwa ukubwa, kwa kuwa mtu hawezi kuona nyuma yake mwenyewe. Mkewe alikuwa amemrekodi kwa simu. Televisheni za nyumba mbili zilikuwa za aina moja na mimi nilishazichanganya; aliporusha video kwenye yake, simu ikampa majina mawili yanayofanana, akabonyeza la kwanza.

Hilo ningelicheka, maana jipu humpata yeyote. Kilichonichefua moyo kilikuja baada ya hapo. Kabla jua halijashuka yule mume alikuwa ameshamtuma jirani akamwambie mama kwamba kosa ni la mkewe: yeye ndiye aliyemwomba fundi aunganishe televisheni, apate kutazama filamu za mama yake. Na kwa sheria ya bukwe, binti anayemwonyesha mama yake uchi wa mkwe hakanyagi tena mlango wa mama, hali chakula chake, wala hazalii kwake. Mama akafunga geti.

Asubuhi mume alinivuta chini ya upenu. "Fundi, batakuita. Sema bibi yangu njo alikuomba. Yee ni mutoto yake, atamusamehe tu. Mi ni mukwe, nani atanisamehe?"

"Na anazalia wapi, papa?"

"Hospitali haiko?" Akacheka. "Ata jipu ilipona. Angalia." Na kweli akaanza kushusha kaptura anionyeshe.

Nilitazama pembeni. Nikamwambia, "Tutaona, papa." Mpaka leo nayachukia maneno hayo mawili kuliko lile jipu.

Nilipofika kwa mama, binti alikuwa amekaa nje ya geti juu ya ndoo iliyopinduliwa, na mfuko wa nguo za mtoto mapajani. Miguu ilikuwa imemvimba, mikanda ya sapatu imezama kwenye nyama. Hakuniomba kitu. Ndani mama alikuwa na wanawake wake, kitenge kichwani.

"Fundi, nani alikuambia uchanganye?"

"Bwana alisema changanya. Binti yako aliniomba mupaka, mama. Aliniomba mbele ya kuanza kazi. Mi nilicheka."

"Ulicheka?"

"Nilicheka, mama. Mupaka ilikuwa kazi ya nusu siku."

Akanyanyuka, akaenda kufungua geti mwenyewe. "Ingia, mwana. Ingia ukule. Leta ile mufuko."

Halafu alinirudia. Kwa sheria yao hawezi kumsemesha mkwe wake, hata kumtukana. Kwa hiyo alisimama karibu na ukuta, akapaza sauti, akanisemesha mimi kama ndiye mkwe.

"We, mutu muzima! Unapeleka matako yako kwa mama ya bibi yako juu ya nini? Kwako hakuna kioo?"

Nilielewa kazi yangu. "Kioo iko, mama."

"Unamupa bibi mimba, na kosa yako pia unamubebesha? Tumbo yake iko na nafasi ngapi?"

Wanawake walipiga makofi. "Mujibu, fundi!"

"Nafasi haiko, mama. Nisamehe."

"Mi nakuomba usaha yako ukufwate mpaka ku kichwa!"

"Itikia!" wakasema wanawake.

"Aksanti, mama."

Nilikaa chini na ruta mapajani nikaanza ile kazi ya nusu siku, yeye bado anamtukana kupitia kwangu, mimi naomba msamaha ambao sikutumwa. Baada ya muda nikasikia ng'ambo ya ukuta kiti kinaburutwa, mlango unafungwa, kisha mpira kwenye televisheni, sauti juu kabisa.