Nilimwambia Asiite Gari Kabla ya Kunipigia Simu

Admin, ondoa jina langu kabla ya kupost. Majina ya hawa wengine nimeyabadilisha mwenyewe. Mimi ni mama wa miaka thelathini na tisa, Mkenya, nesi. Naishi Uingereza, jijini Birmingham, mtaa wa Erdington, na mume wangu na mabinti wetu wawili. Wanaotaka kunitukana wasijizuie, mimi mwenyewe nilianza zamani.

Kabla ya kuja huku nilifanya kazi miaka sita katika mji mdogo kaskazini mwa Kenya. Nikisema mji msifikirie mambo makubwa. Ni barabara moja ya vumbi, maduka machache, msikiti, kanisa la mabati na zahanati yetu ya vyumba vitatu. Hospitali kubwa iko mwendo wa saa tatu kwa gari. Nesi nilikuwa peke yangu, na watu waliniita daktari hadi nikachoka kuwakataza. Msaidizi wangu alikuwa Mama Rukia. Kwenye karatasi kazi yake ilikuwa kupiga deki na kufua mashuka, lakini nilimfundisha kuzalisha, maana mtoto hachagui siku ya kuja na mimi nina mwili mmoja. Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wangu. Nikienda off, funguo zilibaki kwake. Nesi yeyote aliyewahi kupelekwa mbali anajua mambo haya, na hakuna anayeyaandika popote.

Nikapata kazi huku. Nikatakiwa Nairobi kuchukuliwa alama za vidole kwa ajili ya visa. Niliogopa kuomba ruhusa, kwa sababu ofisini wakijua unataka kwenda majuu, barua zako huanza kupotea. Nikaondoka kimya kimya, siku nne. Nikamwambia Mama Rukia akiulizwa aseme niko vijijini nachanja watoto. Halafu nikamwambia neno ambalo natamani ningelimeza: "Mama, kukiwa na shida usiite gari la hospitali kabla hujanipigia mimi." Gari likija nami sipo, ningejulikana. Sababu ilikuwa hiyo tu.

Siku ya tatu akaja Amina, mke wa Hassan mwenye duka, akiwa na uchungu. Mtoto alizaliwa salama asubuhi, ila mama akaanza kuvuja damu. Mama Rukia akanipigia. Mimi nilikuwa ndani ya ile ofisi ya visa, simu nimezima kama tulivyoamriwa, nimeshika namba yangu ya foleni. Nilipotoka na kuiwasha nikakuta amenitafuta mara kumi na moja. Nikampigia, akapokea akilia. "Gari nimeita sasa hivi, nimeshindwa kungoja." Lilipofika, Amina alikuwa ameshakata roho.

Wakaja wakubwa kutoka kaunti kuuliza maswali. Mama Rukia akawaambia kwamba mimi nilikuwa kwenye chanjo, kwamba nilimwachia agizo la kuita gari mara moja, na yeye akajiona anaweza mwenyewe. Hatukuwa tumepanga. Nilikuwa nimekaa kando yake, wakaniuliza kama ni kweli, nikaitikia kwa kichwa. Tulipotoka nje akanishika mkono: "Nenda mwanangu. Wewe una watoto wadogo." Akafutwa kazi. Baada ya miezi miwili nikapanda ndege.

Sasa ni mwaka wa tatu. Wiki iliyopita nilikuwa dukani Alum Rock, hapahapa Birmingham, nikinunua mihogo, ukaingia ujumbe wa sauti kwenye simu. Hassan. Nikausikiliza palepale dukani.

"Daktari, salaam aleikum. Huyu nesi mpya anataka Mama Rukia arudi zahanati, sisi tumekataa. Jumamosi wazee wanakaa. Wewe ndiye tunakuamini. Tutumie sauti tu, useme ulimwambia aite gari, akakataa, tumalize. Ungekuwa hapa siku hiyo, mama ya watoto wangu hangekufa."

Nililia mpaka mwenye duka akaniletea kiti.

Nikamweleza mume wangu kila kitu, kwa mara ya kwanza. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Ukiongea, license imeenda, visa imeenda, na sisi wote tuko kwa visa yako. Na huyo mama wa watu hatafufuka." Simlaumu. Mabinti wameshazoea shule, hata Kiswahili wanakijibu kwa Kizungu.

Juzi nikampigia Mama Rukia. Aliuliza watoto, akauliza baridi, akauliza kama nakula vizuri. Nikamweleza alichotaka Hassan. Akasema, "Sema vile wanataka, mwanangu. Mimi nimezoea. Hapa hata chai yangu watu hawanywi." Nilifikiri simu imekatika, kumbe bado yupo. Akasema, "Lakini usiseme sikukupigia. Hiyo tu. Mimi nilikupigia."

Tangu hapo nimejirekodi mara nne na kufuta mara nne. Keshokutwa ni Jumamosi. Nikisema uongo, Mama Rukia atazikwa na jina la muuaji, na mimi ndiye niliyempa. Nikisema ukweli, nawavunjia wanangu maisha waliyoyazoea, na Hassan, aliyekuwa akiniombea dua, atajua alikuwa akimwombea nani. Nikinyamaza, wazee watachukua kimya changu kuwa ndiyo.

Nyinyi mnaonisoma, hasa manesi mliowahi kuachwa peke yenu huko mbali, nishaurini, nifanye nini? Semeni lolote, nitasoma yote. Ila nawaomba, mtu asiniambie kwamba halikuwa kosa langu.