Nilikwenda Junju Kutafuta Mfupa

Daktari wa Malindi alinishika mkono wa kulia, ule ulioanza kufa ganzi, akasema presha imepanda. Niache nyama na mafuta, nile mboga na kunde, la sivyo nitafuata njia ya dada yangu. Dada yangu alianguka jikoni kwa kiharusi, mwiko mkononi. Basi nikajaribu. Lakini kila nikijaribu huja pilau ya mtu, nikatia mkono mara moja, nikasema yameshaharibika, nikamaliza mpaka ukoko.

Ndipo nikaambiwa kuwa wifi yangu Zuhura, mjane wa kaka yangu, ameacha nyama miaka sasa, na shamba alima mwenyewe. Sikuamini. Zuhura ninayemjua mimi alikuwa akila kichwa cha mbuzi mpaka macho. Nikafunga kanga zangu kwenda kumfumania.

Asubuhi nilipanda basi. Tulipopita Gede, mwanamke wa bara aliyekaa kando yangu alifungua mfuko wake, akatoa paja la kuku.

"Karibu, nyanya."

"Ahsante mwanangu, mimi sili nyama," nikamjibu, na shingo ikanirefuka.

Kilifi, kivukoni, shingo ilirudi mahali pake. Feri ilikuwa ng'ambo, Mnarani, haina haraka, na kijana alikuwa akipepea mishikaki upande unaotoka upepo. Nikala mmoja. Ulipokwisha nikasema, haya, leo imeshaharibika, nikala mpaka nikaona haya kumtazama muuzaji. Ng'ambo nikapata gari la kwenda Mtwapa, likaniacha njia panda ya Junju, nikaingia kwa miguu.

Alasiri nilimkuta Zuhura akipalilia kunde.

"Wifi! Malindi kumekucha?"

"Kumekucha. Nimekuja kukuangalia."

"Kuniangalia, au kunichungulia?"

Macho yangu yalikuwa mlangoni. Palikuwa na paka amelala, mnene kama mto. Nikajiuliza: nyumba isiyo na samaki, paka huyu ananenepa kwa mchicha?

Tulikula mbaazi za nazi na mchicha uliotiwa ukwaju. Vilikuwa vitamu, na utamu ule ukanitia shaka zaidi. Alipoondoka kutawadha nilifunua vyungu vyake vyote, nikanusa na mwiko. Nikatazama hata darini, nisione mkia wa ng'onda, yule samaki wa kukaushwa.

Kesho yake palikuwa na hitima kwa jirani aliyefiwa na mamake. Tuliketi wanawake wanne kwa sinia moja, na Zuhura, kwa kuwa ndiye mkubwa, akagawa nyama. Akachambua, akamsukumia huyu, akamsukumia yule, mbele yake wali mtupu. Nikauona ujanja wake: mgawaji hatazamwi.

Mara mfiwa mwenyewe akaja, akachukua kipande chenye mfupa, akamwekea Zuhura kwa mkono wake.

"Kula, mama. Ndiwe uliyekuwa ukila naye marehemu."

Zuhura akala. Akala taratibu, akafyonza na mfupa.

Nimemkamata! Nilifurahi, kisha furaha ikanikauka. Kama Zuhura naye hawezi, mimi nitaweza kwa lipi? Nikaufunga mkono wangu, nikaufungua. Vidole vilikuwa kama vya mtu mwingine.

Njiani nikamwambia, "Nimekuona."

"Umeona nini?"

"Mfupa."

"Ulikuwa mtamu, wallahi."

"Basi u mwongo, wifi!"

"Nani aliyekwambia sili kabisa? Maneno ya Malindi hayo. Nyumbani kwangu haipikwi. Nikipewa kwa mkono wa mfiwa, nala."

"Si umeshaharibu yote?"

Akasimama. "Ramadhani ukisafiri ukafungua siku moja, mwezi mzima waacha?"

"Astaghfirullah! Nafunga zilizobaki, na ile nailipa."

"Basi na mimi jioni hii nala kunde." Akanitazama kifuani. "Na hilo doa la mafuta kwenye buibui lako, ulidhani sikuliona tangu jana? Nilinyamaza kwa kuwa u mgeni."

Nikalifunika doa kwa mkono. "Na paka?"

"Wa jirani, muuza samaki. Kwangu huja kulala tu."

Siku ya kurudi, Mnarani, upepo ulileta moshi wa mishikaki ya ng'ambo kabla feri haijafika. Niliposhuka Kilifi nilinunua mmoja. Nikaula nimesimama, nikamrudishia kijana kijiti chake.

"Wa pili, bibi?"

"Kampe mamako."

Malindi nilifika magharibi, na kabla ya kuvua buibui nikaloweka mbaazi.

Niliyojifunza si mengi. Nilikuwa nikiuvunja mwezi kwa ajili ya siku moja. Tangu hapo nimeteleza, na nitateleza. Asubuhi yake nachuma mchicha. Yule paka simwamini hata leo. Ganzi nayo haijaisha yote, ipo kwenye vidole viwili. Lakini mkono unashika mwiko, na mimi nimesimama.