Kozi Iliyoombewa Kanisani

Mimi nilitaka kusomea upimaji wa ardhi. Nilimwambia hivyo dada wa saiba, kile kibanda cha intaneti pale Kayole, aliyekuwa akitujazia vijana wote wa mtaa fomu za vyuo vya ng'ambo. Hakuinua hata macho. "Uuguzi ndio unatoa watu nchini," alisema, akaniwekea uuguzi. Barua ya kujieleza akainakili kutoka ile ya mteja aliyenitangulia: eti tangu utotoni nimekuwa nikimuuguza nyanya yangu mgonjwa. Nyanya yangu! Mzima kabisa, analima shamba lake Kitui mwenyewe.

Ningeibadilisha fomu kesho yake, lakini mama alikuwa ameshampelekea mchungaji nakala ya fomu na ya barua ziombewe. Jumapili nikaitwa mbele, nikapigishwa magoti, wazee wakaniwekea mikono. Mchungaji akaisoma barua yote kwa sauti. Alipofika kwa nyanya mgonjwa, kanisa zima liligeuka kumtazama nyanya, aliyekuwa amekuja kunibariki, ameketi wima kwenye benchi la mbele.

Nilimwomba kwa macho aseme ukweli, anitoe pale. Nyanya akanitazama, akamtazama mama, kisha akajikunyata taratibu na kuanza kukohoa.

Kwa kikohozi kile nikawa muuguzi.