Ilda wa Kitaya na Mkanda wa Jeshi

Alizaliwa mwaka 1969 ng'ambo ya mto Ruvuma, upande wa Msumbiji, kwa wakulima wa mihogo waliokimbia vita wakamleta Kitaya akiwa bado mgongoni. Hapo alibatizwa Ilda, hapo akaolewa na Zeferino, fundi baiskeli, na hapo wote wawili wakapata virusi vya ukimwi. Zeferino alitangulia mwaka 2003. Ilda akabaki hoi: kwanza utando mweupe mdomoni hata uji ukamshinda, kisha kifua kikuu, kisha mkanda wa jeshi, yale malengelenge yanayopiga mstari ubavuni na kuwaka kama pilipili. Wauguzi huyaita magonjwa nyemelezi, na kweli huvizia mwili ukilegea. Majirani waliamini ncha za mkanda zikikutana mtu amekwisha, basi kwa huruma tupu wakampaka mafuta ya maganda ya korosho ili waukatize. Jamani, mafuta yale hubabua hata viganja vya wabanguaji! Yalimuunguza kuliko ugonjwa wenyewe. Alipoanzishiwa dawa za kufubaza virusi alinyanyuka, akanenepa, akarudia utani wake, na akaahidi mbele ya altare kwamba hakuna mgonjwa atakayepakwa tena akiwapo yeye.

Ahadi hiyo ilijaribiwa msimu wa korosho wa mwaka 2012. Mustafa, kijana wa jirani, alitokwa na mkanda, na mama yake, Bi Mwanakombo, alikwisha kuyapasha moto mafuta. Ilda aliingia bila hata kupiga hodi.

"Niache nimwokoe mwanangu, dada," alisema Bi Mwanakombo. "Ncha zinakaribia kukutana."

Mpaka siku ile Ilda alikuwa ameficha ugonjwa wake, akijiita mgonjwa wa kifua tu. Alijua vizuri kwamba akifungua mdomo, kabla ya magharibi kijiji kizima kitakuwa na habari zake. Aliogopa, tusidanganyane. Kisha akashusha kanga mgongoni.

"Tazama, dada. Nina ukimwi, na mkanda wangu ulipona. Haya makovu ni ya mafuta. Nipe mimi huyu mtoto."

Bi Mwanakombo alilia, akaepua chungu. Mustafa alipelekwa zahanati, akapimwa, akaanza dawa, na leo ana wake na watoto na tumbo la mtu aliyeshiba. Baada yake walikuja wengine wengi, Wakristo kwa Waislamu, na Ilda aliwalisha uji wa nazi uliopoa huku akiwachekesha.

Alifariki usingizini mwaka 2023. Waislamu walichimba kaburi, kwaya ikaimba. Kanisa halijamtangaza mtakatifu, ila Kitaya haikusubiri. Padri alipokusanya ushuhuda alimuuliza Mustafa ni muujiza gani aliotendewa.

"Muujiza gani, padri? Alinipandisha kwenye keria ya baiskeli, akaikokota mpaka zahanati, na njia nzima ananitukana kwamba mimi mzito."

Basi, ndugu mwamini unayetaka kumfuata Ilda, usipige magoti kwanza. Mgonjwa wako yuko ndani, mlango umefungwa, na aibu imemkalia kifuani. Nenda kamtoe.