Darasa Lililoegemea Kulia

Medali yangu ya shaba ya mbio za wenye miguu ya bandia imetundikwa pale mapokezi, na wateja wakipita huipigia saluti. Sijawahi kumwambia mtu kwamba siku ile tulikimbia watatu, na aliyeshika nafasi ya pili alimaliza akichechemea kwa maumivu ya nyonga.

Mimi ni kocha wa mazoezi. Mguu wa kushoto niliuacha hospitali baada ya ajali ya pikipiki, nikapewa wa bandia, nao nauvalia suruali ndefu hata joto liwe la kuchemsha maji. Jioni naufuta, naupangusa, nausimamisha karibu na kitanda. Mke wangu huutazama kwa wivu. "Ungenitunza mimi hivyo," husema, "ningekuwa bado msichana."

Darasa langu hufanyika mbele ya kioo kilichojaa ukuta mzima. Mimi mbele, wao nyuma, sote tunatazama kioo. Au tuseme wao wanatazama kioo, mimi najitazama mimi. Tukichuchumaa na vyuma mabegani, nakagua kama suruali haijapanda, kama uso hauonyeshi maumivu, kama kifua kimetoka. Nikiridhika napaza sauti, "Safi sana!" Nani alikuwa safi, sijui.

Kisha mume wa mama mmoja wa darasani kwangu, fundi cherehani, akafika mapokezi kuuliza tunamfanya nini mkewe, maana kila jioni anamchua mgongo, upande uleule wa kulia. Kumbe wenzake nao walikuwa wakichuliwa majumbani mwao. Mwenye jimu, mama asiyependa maneno mengi, akaniita pembeni.

"Kocha, nakuheshimu. Lakini kesho nakuja kuangalia. Nikiona tatizo linatoka kwako, darasa nampa Kifua."

Kifua ni kocha mwenzangu. Miguu yake yote miwili ipo, na huvaa kaptura ili tusisahau. Bila darasa lile mimi si kocha tena, ni mtu wa medali tu, na medali yenyewe mnaijua.

Kesho yake mwenye jimu akasimama karibu na mlango, mikono kifuani. Tukashuka na vyuma. Nilikuwa nakagua suruali yangu aliposema, "Kocha, hebu geuka nyuma."

Nikageuka. Darasa zima lilikuwa limeegemea kulia, kama nguo kwenye kamba siku ya upepo. Nilielewa palepale. Nikichuchumaa, uzito wote naupeleka kwenye mguu mzima, na wao wananifuata mimi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, hata kama ingeutema ule wa bandia.

Mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimeficha mpaka nimewapinda watu wazima migongo. Nikakaa kwenye benchi, nikapandisha suruali, nikaufungua mguu mbele yao wote na kuulaza sakafuni.

"Ndugu zangu, nisameheni. Msinifuate tena. Mimi naegemea kwa sababu ya huu. Nyinyi shukeni sawasawa, nitawaangalia kutoka hapa."

Wakashuka. Wote kwa pamoja, mara ya kwanza tu, magoti yamelingana na migongo imenyooka. Hata Kifua hajawahi kupata darasa la namna ile.

"Mmejifunza saa ngapi?" nikauliza.

Kila mtu akaanza kuchunguza viatu vyake. Mwishowe yule mama fundi cherehani, ambaye angeweza kunizaa, akaweka vyuma chini.

"Mwanangu, kuchuchumaa tunajua tangu utotoni. Ila tuliona ukiegemea upande peke yako kwenye kile kioo, utajisikia vibaya. Tukakubaliana tuegemee wote."

"Na mgongo wako, mama?"

"Unauma," akasema. "Sasa ningefanyaje? Ulikuwa unafurahi sana."

Nililia mbele ya kioo chote kile, bila pa kujificha. Mwenye jimu alikohoa, akashika kitasa cha mlango.

"Malizia darasa lako, kocha," akasema, akatoka.

Nilikuwa bado nafuta machozi. Ikabidi mama fundi anihesabie: moja, mbili, na wote wakashuka.