Kibuyu cha Mama Jukwaani

Mimi si mtu wa kujisifu, lakini siku ile ya Buhinyuza nitaisimulia nimeinua kichwa, na asiyependa azibe masikio.

Tuliporudi nyumbani Buhinyuza kutoka ukimbizini Tanzania, mama alianza kukamua mutobe, yale maji matamu ya ndizi mbivu. Kwetu anayekukaribisha huonja kwanza mbele yako, ndipo nawe unywe. Mama hakuwahi kuiruka desturi hiyo. Lakini jirani mmoja alikunywa kwake, akaugua tumbo, akafa wiki hiyohiyo, na kilima kizima, yaani kijiji chetu chote, kikasema mama ni mrozi, mtu wa kulisha wenzake sumu. Wengine waliokunywa siku ile hawakudhurika, ila nani alitaka kusikia? Kwenye bomba la maji wanawake walimcheka. Nilikuwa msichana mkubwa, nikasimama nao na ndoo yangu, nikanyamaza. Aibu hiyo niliibeba hadi Gitega nilikokwenda kushona nguo.

Huko, katika mtaa wa Nyamugari, nikajiunga na kikundi cha maigizo, nikatunga mchezo wa bibi anayetuhumiwa na kilima kizima, na mtu mmoja anayekataa kuwafuata: anachukua kibuyu cha bibi na kunywa. Mtu huyo aliigizwa na fundi baiskeli, Mwislamu, kwa hiyo kibuyu chetu hakikuwa na pombe. Mimi nilijipa nafasi katika kundi la wapiga kelele. Kazi hiyo niliijua.

Tulipoalikwa Buhinyuza, kibuyu chetu kilipasuka njiani. Nikaenda kuazima kwa mama, naye akanipa chake kikiwa kimejaa mutobe, kisha akaja kuketi mbele kabisa. Nikamweleza fundi ukweli wote. "Ukitaka maji ya chupa, sitakulaumu," nikasema.

Akauliza, "Mama mwenyewe ataonja?"

"Ameonja maisha yake yote."

"Basi, mi niko tayari."

Mchezo ukafika pale pa kunywa. Tukampigia bibi wa mchezo kelele, mrozi, mrozi, na watazamaji wakaitikia kwa nguvu kuliko sisi, maana walikuwa wamekitambua kibuyu. Sasa walimgeukia mama yangu. Mtu akapaza sauti, "We, usinywe! Iko sumu!"

Fundi akashuka jukwaani, jambo ambalo sikuliandika, akampa mama kibuyu kwa mikono miwili. "Mama, onja kwanza, vile desturi inasema." Mama akaonja. Fundi akanywa, akafuta ndevu, akasimama palepale.

Zamu yangu ilikuwa kumwita mjinga. Maneno hayo niliyaandika mwenyewe, na sikuyasema. Nilishuka, nikanywa mbele ya walewale wa bombani, nikasema, "Huyu ni mama yangu." Nilichelewa miaka mingi, lakini kawia ufike.

Kisha akaja mzee mmoja, na nyuma yake mwanamke aliyekuwa akimcheka mama bombani kuliko wote. Hakuomba msamaha, alinyoosha mkono tu, akanywa. Mchezo wenyewe hatukuumaliza, na wala sijutii.

Mama alirudi nyumbani na kibuyu kitupu. Akakitundika mlangoni mdomo chini, kila apitaye akione, halafu akaniuliza kama ndizi zilizobaki zingetosha kukamua tena kesho.