Wasifu wa Gus

Renata Vandehey alikuwa na wivu, na heri tuliseme hilo mapema, maana mwenyewe ilimchukua muda kulikiri. Haukuwa wivu wa mume wala wa mali. Ulikuwa wivu wa mbwa.

Mbwa mwenyewe aliitwa Gus, dume la rangi ya mchanga, ratili themanini na ushee, kichwa kipana, sikio moja limekatika ncha. Renata alimwokota kando ya barabara karibu na kiwanda cha jibini huko Shawano, alikofanya kazi ya maabara kwa miaka sita. Miezi mitatu ya kwanza Gus hakutaka kuguswa na binadamu yeyote. Renata alikuwa akirudi kazini, analala chali kwenye sakafu ya jikoni bila kusema neno, mpaka siku moja mbwa akaja akamwekea kidevu kifuani. Tangu hapo akawa wake. Katikati alipita mwanaume mmoja, Darrell, akakaa nao miezi minane, na kwa miezi yote hiyo Gus hakumlalia miguuni hata mara moja. Darrell alipoondoka Renata alisikitika kiasi chake, lakini habari ile ya miguuni aliisimulia kazini kwa raha zake.

Akiwa na miaka thelathini na mmoja alikubaliwa kusoma shahada ya uzamili ya sayansi ya udongo, katika chuo kikuu cha mji wa Madison. Furaha yake ilidumu mpaka alipoanza kutafuta nyumba.

"Mbwa wako ana uzito gani?" aliulizwa kwenye simu na msimamizi wa nyumba ya kwanza.

"Mkubwa kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Ratili themanini na tatu."

"Dada yangu, huyo si mbwa, huyo ni mpangaji wa pili."

Wengine hawakuwa hata na mzaha. Walitaka kujua kabila la Gus, kana kwamba anaoa kwao. Renata akampima damu, majibu yakaja na mchanganyiko wa mbwa wa aina nne na robo nzima ambayo maabara yenyewe ilishindwa kuitaja. Robo hiyo ndiyo iliyowatisha watu. Siku moja aliendesha gari kwa saa mbili na nusu kwenda kuona chumba karibu na ziwa, akamkuta mwanafunzi mwingine anatoka, kabeba kijibwa kwenye kapu, nywele zimechanwa na utepe juu. Msimamizi alikuwa anakibusu kile kijibwa puani. Renata alikaa garini akawatazama, na roho ikamchoma vibaya. Akamwambia Gus, "Wewe ungemmeza yule kama dawa." Gus akapiga miayo.

Ni wenzake wa maabara waliomshauri amwandikie mbwa wasifu. Siku hizi kila mtu anafanya hivyo, walisema, mbwa anatafutiwa nyumba kwa barua kama mtu anavyotafuta kazi. Wengi huandika nusu ukurasa: kachanjwa, haharibu zulia, daktari wa mifugo anamsifu. Renata akaandika kurasa mbili na nusu. Alitaka mwenye nyumba amwone Gus kama anavyomwona yeye, basi akamwaga kila alichokijua. Ukikutana naye usimtazame machoni. Kaa chini, tazama pembeni, mkono uuache gotini, subiri. Anapenda soseji ya maini, kipande kidogo, akipewa bila kuitwa. Akunwe pale mkia unapoanzia, si kichwani. Ukimzungumzia kwa sauti ya chini bila kukoma, hata kama ni upuuzi, atalala.

Alipomaliza kuusoma machozi yalimlengalenga. Akaubandika kwenye barua zote alizotuma.

Jibu moja tu ndilo lililokuja na moyo ndani yake. Bi Arlene Skogen, mwanamke wa miaka sabini na moja, aliyeendesha basi la shule maisha yake yote, alikuwa na nyumba ya ghorofa mbili upande wa mashariki wa mji. Yeye akikaa chini, juu akipangisha. Mbwa wake alikufa majira ya baridi mawili yaliyopita, na kwa magoti aliyokuwa nayo hakuthubutu kuchukua mwingine. "Njoo naye," aliandika. "Wewe sina haja ya kukuona sana."

Renata alicheka aliposoma. Alipofika na Gus hakucheka.

Bi Arlene alikuwa kwenye kibaraza cha nyuma, amekaa kwenye kigoda kifupi cha kufanyia bustani, anatazama uzio. Hakugeuka. Mkono wake ulikuwa gotini. Kando yake palikuwa na sahani yenye vipande vidogo vya soseji ya maini, na chini ya sahani zile kurasa mbili na nusu, zimepigiwa mistari kwa kalamu nyekundu.

"Karibu, mwanangu," alisema, kama anayeuambia uzio.

"Asante, Bi Skogen."

"Niite Arlene. Bi Skogen alikuwa mama mkwe wangu, na alikuwa mtata yule."

Akaendelea kuzungumza vivyo hivyo, sauti ya chini, habari za nyanya zake na jirani anayezitamani. Gus alisimama. Akanusa hewa. Akapiga hatua mbili, akatulia, akapiga nyingine. Haikupita muda wa kuchemsha chai, mbwa aliyekataa binadamu miezi mitatu mizima akawa ameweka kidevu kwenye paja la kizee asiyemjua, na mkono wa kizee unamkuna pale mkia unapoanzia.

Renata alihisi kama kapigwa kofi mbele za watu. Na kibaya zaidi, hakuwa na wa kumlaumu. Njia aliyoifungua peke yake, akiwa amelala kwenye sakafu ya baridi, alikuwa ameichora mwenyewe na kumtumia mtu mwingine kwa barua.

"Damu zetu zimepatana," Bi Arlene alisema, na kwa mara ya kwanza akamtazama Renata, uso umemnawiri. "Ukiwa chuoni nitakaa naye mchana. Atoke, azunguke hapa uani. Hutakuwa na wasiwasi."

Mpangaji mwenye akili timamu angemkumbatia. Zilikuwa zimebaki siku tano tu kufika tarehe kumi na tano Agosti, siku ambayo mikataba ya nyumba huisha na nusu ya Madison huhamia kwenye nyumba ya nusu nyingine, na kando ya barabara zote makochi yaliyotupwa yamejaa. Hakuwa na nyumba nyingine. Lakini wivu hauna kalenda.

"Nitachukua nyumba," Renata alisema. "Ila Gus atakaa juu. Namfungia. Sitaki alishwe na mtu mwingine, wala atolewe. Anachanganyikiwa akiwa na watu wawili."

Ulikuwa uongo, na wote wawili walijua. Gus ndio kwanza alikuwa anakoroma.

Bi Arlene aliutoa mkono wake mgongoni mwa mbwa taratibu, kama anayeogopa kumwamsha mtoto. "Mbwa ni wako," akasema. "Unataka tuliandike?"

"Ndiyo, tuliandike."

Akaenda ndani, akarudi akichechemea na mkataba, na pale chini, kwa ile kalamu nyekundu, akaandika kwamba mwenye nyumba hatamlisha mbwa, hatamtoa, hatamgusa. Hilo la mwisho aliliongeza mwenyewe. Wakatia sahihi.

Renata alihamia tarehe kumi na tano na godoro, vyombo na makopo ya sampuli za udongo. Nyumba ilikuwa nzuri, yenye mwanga na sakafu ya mbao, na hakuna siku aliyoifurahia. Jioni Gus alilala katikati ya sebule, sikio kwenye mbao, akisikiliza nyayo za chini. Renata akaongeza sauti ya televisheni. Akamnunulia soseji ya maini, kipande kikubwa, Gus akala, akarudi kulala palepale. Wakipita uani kwenda matembezini Bi Arlene alikuwa akiwasalimu, na kila mara mikono aliitia kwenye mifuko ya aproni mpaka wapite. Alishika ahadi kiasi cha kumtia mtu hasira. Renata alifika mahali akaionea wivu hata ile mifuko, kwa namna Gus alivyoiangalia.

"Anakuangalia wewe kwa sababu unanukia chakula," alimwambia siku moja.

"Pengine," Bi Arlene alisema. "Wewe unanukia nini?"

Renata alikuwa ananukia udongo.

Siku ya kwanza ya utambulisho chuoni aliondoka saa mbili asubuhi. Alimwachia Gus maji, akafunga mlango kwa ufunguo, akajikaza asisikilize. Mchana kutwa alipewa vitambulisho, vitabu na maneno ya kukaribishwa. Mezani kila mtu alieleza anatoka wapi na anasoma nini. Zamu yake ilipofika alijikuta anamwongelea mbwa, na mwenzake wa pembeni akamuuliza, "Sasa hivi yuko na nani?" Akasema, "Yuko peke yake." Alipojisikia akisema hivyo, chakula kilimshinda.

Alirudi saa kumi na moja jioni. Alipoingia tu mlango wa chini akasikia sauti juu ya ngazi, ya chini, isiyokoma.

Bi Arlene alikuwa amekaa karibu na ngazi ya mwisho, mguu mmoja ameunyoosha, gazeti mapajani. "...ameacha watoto wanne," alikuwa anasoma, "wajukuu kumi na mmoja, na ng'ombe arobaini wa maziwa." Chini ya mlango, kwenye ule uwazi mdogo, ilionekana pua nyeusi.

"Unafanya nini hapa?" Renata aliuliza.

"Namsomea matangazo ya vifo. Kurasa za michezo hazimkolei."

"Tangu saa ngapi?"

"Saa nne. Alianza kulia ulipotoka, nikasema atanyamaza, hakunyamaza. Nikavumilia, nikashindwa." Akageuka kidogo, uso umekunjamana kwa maumivu. "Sikufungua, mwanangu. Ufunguo wangu huu hapa mfukoni. Lakini tuliandikiana."

"Saa saba umekaa kwenye ngazi? Na magoti hayo?"

"Magoti yalishakufa zamani. Utanisaidia kuinuka."

Renata alimpita, akafungua mlango. Upande wa ndani mbao zilikuwa zimechimbwa kwa kucha kuanzia chini hadi usawa wa kitasa. Alichutama, akamfungulia Gus mikono. Gus akapita chini ya mkono wake wa kulia, akashuka ngazi mbili, akajitupa mzima mzima mapajani kwa Bi Arlene, juu ya gazeti.

Na Bi Arlene akainua mikono yote miwili hewani, juu kabisa, kama mtu aliyeamriwa na polisi.

"Simgusi," alisema haraka. "Unaona? Simgusi."

Mbwa alikuwa anatetemeka na kumlamba shingo, naye kizee kakaa vile, mikono juu, macho kayafumba, machozi yakimtoka.

Iliuma. Renata alikuwa ameogopa kwamba itauma, na iliuma kuliko alivyoogopa, na haikupungua hata alipojua la kufanya.

"Mguse," alisema.

Bi Arlene hakushusha mikono.

"Mguse, Bi Arlene. Tafadhali. Na kesho nitakuletea mwenyewe."

Mikono ikashuka. Gus akaguna kwa raha, mguno ambao Renata alidhani ni yeye tu duniani anayeujua. Naye Renata akakaa kwenye ngazi ya juu yao, begi bado liko begani, akasubiri zamu yake.